Kabati na Nusu ya Sahani

Mdogo wangu alimleta yule mbwa Jumamosi mchana, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka zamu, miguu imevimba, natafuta pa kukaa tu. Nikasikia geti linasukumwa kwa mgongo, nikajua ni yeye, maana fundi wa mageti hajawahi kufungua geti kwa mkono kama binadamu wengine. Akaingia kinyumenyume, anavuta kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na kitu ambacho mwanzoni sikukitambua.

"Dada, usiseme neno," akaniwahi. "Kwanza mwangalie."

Nikamwangalia. Alikuwa mbwa mkubwa, wa ile jamii inayofugwa kulinda majumba yenye kuta ndefu. Kichwa ukubwa wa ndoo, nyayo pana kuliko kiganja changu. Lakini katikati ya kichwa na mkia hapakuwa na kitu. Ngozi na mifupa, basi. Nyonga zimechomoza, mbavu zinahesabika, na shingoni mnyororo ulikuwa umeacha duara lisilo na manyoya.

Mdogo wangu alikuwa ameitwa kutengeneza geti la nyumba ambayo wapangaji walihama bila kusema la heri wala la shari. Mbwa wao alikuwa bado uani, kafungwa kwenye nguzo, analamba sementi.

"Sasa ningemwacha?" akauliza.

"Ungempeleka kwako."

"Kwangu chumba kimoja, Dada. Halafu kesho nasafiri. Nimepata kazi ya saiti, mbali."

Ndivyo alivyo mdogo wangu. Huruma inakuwa yake, kazi inakuwa yangu.

Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake. Akamtazama yule mbwa kwa muda mrefu, jicho moja amelifinya, kama alivyozoea kutazama samani zilizoletwa kwake kukarabatiwa.

"Fremu nzuri," akasema. "Mbao ngumu hii. Ila kabati tupu."

Jina likabaki hilohilo.

Baba alikuwa seremala mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka. Msumeno ukatundikwa ukutani na hatukuuzungumzia tena. Mama alipofariki mwaka jana nilihamia kwake, maana sina mume wala mtoto wa kunizuia, na mdogo wangu mmeshamwona. Nilidhani kazi kubwa itakuwa kumfariji. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kumlisha.

Kila nilichompakulia, alikula nusu. Si zaidi, si pungufu. Sahani ilirudi jikoni wali umekatwa katikati, sawasawa, kama umepigiwa mstari, na mboga na nyama vimegawanywa vilevile. Nikimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Nimeshiba, mwanangu." Mwanzoni nilibembeleza. Baadaye nikanuna. Mtu umetoka kazini hoi, unasimama tena jikoni, halafu nusu ya jasho lako inamwagwa! Mwishowe nikaanza kumpakulia kidogo ili kisitupwe. Na hicho kidogo nacho akala nusu.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuimalizia ile nusu mwenyewe. Nitamjibu. Nilikua nikimwona Mama, kila siku ya Mungu, amekaa kwenye kigoda pale jikoni anamalizia sahani ya Baba. Sisi tumekula, Baba amekula, yeye ndiye wa mwisho. Nikiwa msichana wa kutumwa dukani tu niliapa kwamba mimi makombo ya mwanamume sitakula, hata awe nani. Kwa hiyo nusu ilikwenda kwa kuku wa jirani, na mimi nilikula nimesimama, kutoka kwenye sufuria, kijiko kimoja huku nafunika, kingine huku naosha.

Daktari wa mifugo alikuja Jumatatu jioni. Mwanamke mfupi, buti za mpira, sauti ya mwalimu wa zamu. Akampapasa Kabati kutoka masikio mpaka mkia, akamfungua mdomo, akampa dawa ya minyoo, kisha akasimama.

"Nani atamlisha?"

"Nani mwingine?" nikajibu.

"Basi nisikilize vizuri, dada. Wengi wanaowaokota mbwa wa namna hii huwaua kwa kuwashibisha. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu haujui tena kupokea chakula. Ukimjazia ghafla, damu inavurugika, moyo unaweza kusimama. Halafu huyu ni wa jamii kubwa, ana kifua kirefu. Tumbo likijaa sana linavimba, na likijisokota huko ndani ndiyo basi tena, utamzika. Kwa hiyo kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Wali laini, nyama ya kuchemsha, bila mafuta, bila chumvi. Mifupa hapana. Chakula cha mezani kwenu hapana kabisa. Akimaliza alale, asikimbie. Kuongeza, nitakwambia mimi."

"Na akilia?" Baba akauliza kutoka kwenye kiti.

"Mwache alie, mzee."

Baba akageuza uso, akatazama geti.

Basi nikawa na kazi mbili. Alfajiri nachemsha nyama ya Kabati, naikatakata, naichanganya na wali, nagawa kwenye vikopo. Cha asubuhi nampa mimi. Cha mchana nakiacha kwenye friji, Baba atampa. Cha jioni mimi, na cha kulalia mimi. Katikati hapo nipo kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako tunafua yale ambayo wengine hawataki hata kuyaangalia. Mashuka yanakuja kwa matoroli, yanaingia mashineni, yanatoka mazito kama watu, unayavuta, unayapeleka kwenye mashine ya kukausha, mvuke unakupiga usoni, na ukigeuka toroli lingine limeshafika. Ukitoka hapo huna hamu ya kuonana na kiumbe yeyote mwenye mdomo.

Nyumbani wananisubiri wawili. Mmoja anataka kula na sina ruhusa ya kumpa. Mwingine nina ruhusa ya kumpa mpaka apasuke, na hataki. Kuna siku nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikacheka peke yangu, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Kabati alikula kikopo chake kabla sijanyanyuka vizuri. Kisha alilamba bakuli, bakuli likaserereka, akalifuata uani akililamba mpaka likagonga ukuta. Kisha alikuja kunitazama. Hakubweka. Angebweka ningemgombeza na moyo wangu ungepata nafuu. Alinitazama tu, yale macho mazito yenye mikunjo, na mate yanadondoka mguuni kwangu.

"Nenda kalale," nikamwambia. "Siyo mimi. Ni daktari."

Halafu, wiki ya pili, likatokea jambo. Nilirudi kutoka kazini nikakuta sahani ya Baba ya mchana kwenye karo, nyeupe. Hakuna hata punje. Nikaigeuza mara mbili nisiamini. Kesho yake hivyohivyo. Jioni akaomba kulia chakula barazani, kuna upepo, na sahani ikarudi safi. Nilisimama pale jikoni na machozi yakanitoka, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu nilifurahi. Nikampigia simu mdogo wangu.

"Baba anakula!"

"Si nilikwambia?" akasema yeye, ambaye hakuniambia chochote. "Mbwa ni dawa, Dada. Mtu akiona mwenzake anakula, naye anapata hamu."

Nikaamini. Ilikuwa raha kuamini kitu kizuri angalau mara moja. Nikaanza kumjazia Baba sahani, nikamwongezea nyama, nikapika mchuzi mzito aliokuwa akipenda enzi za Mama. Vyote vilikwisha. Kuna asubuhi nilimwona ameshika msumari na nyundo ndogo, anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake. Nikadhani ule mkanda umechakaa. Nilikuwa nachelewa zamu.

Kabati kwa upande wake hakwenda vizuri. Tumbo lilikuwa kubwa lakini mgongo ulikuwa uleule wa mifupa, na uani nilikuwa nasafisha uchafu wa majimaji kila nikirudi. Daktari akaja, akainama, akaangalia bila kinyaa.

"Kuna mtu anamlisha pembeni."

"Hakuna. Mimi peke yangu, na Baba anampa kikopo cha mchana."

"Dada, watu hudanganya. Mavi hayadanganyi. Huyu amekula mafuta, na amekula chumvi. Akiendelea hivi sitakuja na dawa, nitakuja na koleo."

Nikajua moja kwa moja ni nani. Ni jirani yetu mwenye kuku, yule ambaye nusu za Baba zilikuwa zikimfaidisha na sasa hazimfikii. Nikaenda kwenye uzio hata kanga ya kazini sijavua, nikamwambia aache kutupa mabaki yake kwetu. Akaniangalia kuanzia chini mpaka juu.

"Mimi? Nitupe nyama? Nyama mimi naijua kwa harufu inayotoka kwenu!"

Maneno yaliyofuata nayahifadhi. Itoshe kusema kuku wote walikimbilia bandani.

Jumapili akaja Shangazi, dada yake Baba, na sufuria lake la nyama ya njegere na karoti amelifunga kwa kitambaa. Shangazi hajawahi kuingia nyumba yoyote mikono mitupu, wala mdomo mtupu. Alimwangalia Baba, akamwangalia mbwa, akaniangalia mimi.

"Humu ndani mnashindana kukonda?"

"Baba anakula siku hizi, Shangazi. Anamaliza sahani."

"Anamaliza sahani ya saizi gani? Hebu nipe hapa. Mtu mzima hapimiwi chakula kama dawa ya kikohozi."

Akapakua yeye. Mlima. Baba akapokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaenda barazani kwenye upepo wake. Sisi tukabaki jikoni, Shangazi ananisimulia maradhi ya watu nisiowajua, mimi naosha vyombo.

Sauti niliyoisikia ilikuwa kama ya mtu anayetaka kutapika na hana cha kutapika. Ikaja tena. Nikatoka. Kabati alikuwa katikati ya uani amesimama miguu imetanuka, kichwa chini, mate yanamtoka kwa kamba ndefu. Anajikaza, hakitoki kitu. Anatembea hatua, anasimama, anajikaza tena. Nikamgusa tumbo, lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa pumzi.

Nikampigia daktari. Sijui nilisema nini, ila aliniambia nikate simu niache kulia ili apande pikipiki. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi na kile kichwa kikubwa mapajani, namsugua shingo pale manyoya yalipokuwa yameanza kuota. Wiki zote zile nilikuwa namwita mzigo. Nilikuwa nampenda yule mbwa, na siku ile ndiyo nilijua, na nilimhofia kama ninavyomhofia mtu.

Daktari alifika akaanza kazi bila salamu. Akaniambia nishike taya, Shangazi ashike kiuno, akaingiza mpira mrefu mdomoni taratibu, akaushusha mpaka ukafika. Ikatoka hewa, na harufu ambayo hata mimi wa mashuka ya hospitali nilifumba macho. Tumbo likaanza kushuka. Kisha kupitia ule mpira vikaanza kutoka vitu, kidogo kidogo, kwenye beseni.

Shangazi akainamia beseni.

"Hizi si njegere zangu?"

Karoti nazo zilikuwa zake.

"Halijajisokota," daktari akasema akijifuta jasho. "Mna bahati ya ajabu. Mngechelewa kidogo ningekuja kuzika." Akamtazama Baba aliyekuwa amesimama ameshika nguzo ya baraza, midomo imekauka, na yule mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa zamu hakumsema. Alikunja mpira wake, akaniachia maelekezo ya usiku, akaondoka. Shangazi naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alichukua sufuria lake akaaga bila neno la ziada.

Nikabaki na Baba. Kabati amelala pembeni, anahema. Hasira nilizokuwa nazo zilikuwa za mwaka mzima.

"Baba, ulitaka kumuua?"

"Nilimpa nusu tu."

"Nusu ya nini?"

"Ya sahani. Ile nusu nyingine."

"Daktari alisema nini? Ulikuwepo, ukamsikia! Halafu siku zote hizi mimi nafurahi, nampigia mtoto wako simu, Baba anakula, Baba anakula, kumbe unanizuga kama mtoto mdogo!"

"Sikukuzuga, mwanangu. Nilikuwa nakula upande wangu." Akakaa. Mikono ilikuwa inatetemeka kuliko siku zote, akaibana katikati ya magoti. "Ule mwingine ni wa mama yako."

Nikamgeukia.

"Tulipooana tulikuwa na sahani moja," akasema. "Nakuja mchana mbio kutoka karakana, yeye anakunyonyesha. Anapakua cha wawili kwenye sahani hiyohiyo. Mimi natangulia kwa sababu kazi inaningoja, napiga mstari kwa kijiko, nakula upande wangu, namwachia wake. Sahani zikaja kuwa nyingi, tukaendelea vilevile. Tulizoea."

"Mimi nilidhani anakula makombo yako."

Baba akanitazama kana kwamba nimemtukana yeye na marehemu kwa pamoja.

"Makombo? Mama yako? Alikuwa anapakua mwenyewe, na nyama nzuri anaiweka upande wake. Nilikuwa naiona, nanyamaza."

Nikajikuta nacheka, na kicheko kikageuka njiani. Mwaka mzima nilikuwa nampakulia Baba chakula cha mtu mmoja, naye anakigawa na mtu asiyekuwepo. Nikakasirika, nikapunguza, akagawa na hicho.

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Ungesema nimechanganyikiwa. Mimi najua hayupo. Nilimzika mimi. Lakini kijiko kikifika pale katikati, mkono unakataa." Akamwonyesha Kabati kwa kidevu. "Alipokuja huyu nikasema, angalau yupo wa kumwachia. Ulipoongeza, nikamwongezea. Alikuwa ananitazama."

"Ananitazama na mimi."

"Najua. Wewe una moyo mgumu."

"Sina, Baba. Nimechoka tu."

Nilimshika mkono kumnyanyua aingie ndani, na kwenye kiwiko nilishika mfupa. Nikaangalia ule mkanda, tundu jipya, na jingine pembeni yake ambalo sikuwa nimeliona akilitoboa. Wiki zote nilikuwa nahesabu mbavu za mbwa.

Kesho yake nilikwenda zamu. Matoroli yalikuja, yakaenda. Jioni nilipitia kwa jirani nikamwomba radhi, akanijibu kwamba kuku wake hawatagi tangu siku ile, na nikakubali kosa hilo pia. Nikampa Kabati kikopo chake, kile kidogo cha kuanzia upya. Akakilamba, akalifuata bakuli mpaka ukutani, akaja kujilaza barazani taratibu, kama mzee.

Nikapika. Nikachukua sahani moja, ile pana, nikapakua cha watu wawili, wali umejaa pande zote, nyama imeenea. Nikaipeleka kwa Baba. Aliitazama, akanitazama, akachukua kijiko na kupiga mstari. Kwa mkono ule unaotetemeka mstari ulinyooka.

Nilirudi jikoni kufunika sufuria kama kawaida yangu, kijiko nimeshakishika. Akaniita.

"Mwanangu. Nimeshiba. Njoo."

Upande wake ulikuwa umekwisha wote. Upande wa pili haukuguswa. Akausogeza kwangu, sahani ikakwaruza meza ndogo aliyoiunda mwenyewe, na akakivuta kigoda cha Mama kwa mguu.

Nikakaa. Wali ulikuwa umepoa, chumvi imezidi kidogo, na miguu yangu ilikuwa inawaka moto. Kabati akaja, akaweka kile kichwa juu ya mguu wangu, akanitazama.

"Usimpe," Baba akasema.

"Simpi."

Nikala mpaka nikamaliza. Tangu Mama afariki sikuwa nimekula nimekaa.